Dang'a ya Mdogo Wangu

Ng'ombe wetu mwekundu alizaa wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, na ndama hajasimama sawasawa mama alikuwa ameshaamua maziwa yale ni ya nani. Yalikuwa ya mdogo wangu. Wakati huo mdogo wangu yuko Arusha anafundisha watoto wa chekechea, na hata habari kwamba kuna ng'ombe mwenye mimba hapa kijijini kwetu Gendabi hakuwa nayo.

Kwa asiyefuga, nieleze kidogo. Maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa huitwa dang'a. Ni mazito, ya njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Ndama hunyonya kwanza ashibe, kinachobaki ndicho chenu. Ukiiweka dang'a kwenye sufuria juu ya moto mdogo, haichemki ikamwagika kama maziwa mengine. Inashika. Inakuwa laini, unaikata kwa kijiko, na mvuke wake peke yake unaweza kumtoa padri kwenye mahubiri. Wako watu wamekula keki za harusi za ghorofa na wakazisahau kabla ya kufika nyumbani, lakini dang'a mtu haisahau mpaka anaingia kaburini. Nasema hivyo mimi ambaye, mpaka asubuhi ile ng'ombe anazaa, nilikuwa sijawahi kuionja.

Msomaji atauliza: wewe si ndiye unayekamua? Ndiye mimi. Ni mimi niliyemvuta yule ndama miguu kulipokuwa kunapambazuka, matope mpaka kwenye nyusi, na ni mikono yangu iliyojaza kidumu. Lakini kwetu dang'a haichotwi. Mama hupika, mama hugawa, kwa mkono wake, kwa anayetaka kumpa. Anayejichotea mwenyewe huambiwa amemkausha ng'ombe, na mimi na ubishi wangu wote sikutaka kuingia katika historia ya kata kama mtu aliyekausha ng'ombe kwa kijiko. Na kuomba je? Hapo ndipo nisipoeleweka hata na mke wangu. Kitu cha kupewa ukikiomba kinageuka kuwa kitu kingine. Mimi sikuwa nataka maziwa, maziwa ninayo. Nilikuwa nataka mama anigawie.

"Mwanaume mzima una ndevu, unamlilia mama yako bakuli," mke wangu aliniambia siku ile, huku anafunga mizigo. Mwaka huo ilikuwa zamu ya kwao, anapeleka watoto Masieda kwa wazazi wake, na mimi nabaki na mama, ambaye nyumba yake na yangu zinatenganishwa na shamba dogo la maharage na kelele zangu.

"Silii," nikasema. "Nasubiri."

"Basi subiri. Ukipewa nitumie picha."

Nieleze sasa kwa nini mdogo wangu alikuwa mbele. Alizaliwa mwezi uleule tuliomzika bibi, mama yake mama. Akapewa jina la bibi, na kwetu ukishapewa jina la mtu, umepewa pamoja na mtu mwenyewe. Tangu siku hiyo mama humwita "mama". Mama njoo ule, mama umelala vizuri, mama usikanyage baridi. Bibi alikuwa hapendi upepo kichwani, basi mtoto alifungwa vitambaa tangu yuko mgongoni, kwa namna ambayo watu walifikiri ana jeraha. Bibi alikuwa hapendi mlenda, basi mtoto alinyimwa mlenda kabla hajaota jino la kuukataa. Bibi alipenda kukaa karibu na mlango, basi mdogo wangu alikua mlangoni, mvua za Hanang zikimpiga ubavu mmoja. Na bibi alipenda dang'a kuliko kitu chochote chini ya mlima huu.

Mimi nilizaliwa njiani, mama akitoka mnadani Katesh, na jina nililopewa kwa lugha yetu maana yake ni njia. Sasa njia haina bibi. Njia haijulikani inapenda chakula gani. Nani amewahi kuisimamisha njia akaiuliza kama imeshiba?

Sisemi mama alinitesa. Ugali nilipata, tena wa kutosha kujengea ukuta. Kiboko nilichapwa kwa haki, na mara moja moja kwa makadirio. Ila mama alinichukulia kama watu wanavyochukulia nguzo ya katikati ya nyumba: una uhakika ipo, basi huiangalii. Mdogo wangu alipomaliza darasa la saba alichinjiwa mbuzi na katekista akaja kubariki. Mimi niliposoma masomo ya jioni, mtu mzima, natoka shambani naoga miguu tu nakwenda kukaa kwenye dawati la mtoto magoti yakigonga kidevu, na mwisho nikafaulu kidato cha nne, nilikimbia kumwambia mama. Nilikimbia kwa kasi ambayo ingeniletea medali. Nilimkuta anapepeta mbaazi.

"Mama, nimefaulu."

"Vizuri. Ng'ombe wamekunywa?"

"Wamekunywa."

"Basi vizuri."

Nilirudi na "vizuri" mbili. Moja nikampa mke wangu.

Sasa tatizo la dang'a ni kwamba haikai. Leo ni dang'a, baada ya siku chache ng'ombe anatoa maziwa ya kawaida kama ng'ombe wengine, na mdogo wangu angefika mkesha wa Krismasi. Mama alilifikiria jambo hilo akiwa amesimama mlangoni pa zizi, na mafua yake ya Desemba yamembana pua, kisha akaniita.

"Hii peleka Katesh, kwa yule mama mwenye duka. Ana friji la kugandisha. Mwambie akuwekee mpaka mama afike."

"Mama, Katesh kote huko kwa ajili ya kidumu?"

"Kwani bodaboda zimekufa?"

Hazikuwa zimekufa. Nilipanda na kidumu katikati ya magoti, nimekifunga kitenge, nimekishika kama mtoto mchanga anayepelekwa kubatizwa. Kila tuta nililiomba msamaha mapema. Dereva akaniuliza kama nimebeba petroli.

Mwenye duka ni mama wa Kiislamu, mtu mzima, ametoka kwao Kondoa miaka mingi na ameshakuwa wa hapa kuliko sisi. Anauza mchele, sukari, barafu za ukwaju za watoto, na samaki walioganda. Friji lake ni kubwa, ukilifunga vizuri unaweza kumhifadhi fahali na mwenye fahali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho nini, gongo?"

"Dang'a. Mama anaomba umwekee mpaka Krismasi."

"Ya nani mpaka isafiri hivi?"

"Ya mdogo wangu. Anatoka Arusha."

Akafungua kifuniko, akachungulia, akatikisa kichwa kwa heshima. "Nzuri hii. Na wewe umeshakula yako?"

"Bado."

"Bado tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, mama."

Alicheka, halafu akaona sicheki sana, na mimi ninacheka hata msibani. Akaniangalia juu ya miwani. "Ngoja. Nina jiko la gesi hapo nyuma. Nakupikia kikombe kimoja, unakula, unafuta mdomo, unakwenda zako. Nani atajua?"

Nakiri mate yalijaa mdomoni. Sufuria niliiona, kijiko nilikiona. Lakini huyu mama, na wema wake wote, hakuwa mama yangu.

"Asante mama. Kwetu lazima nipewe."

"Si ninakupa?"

"Nipewe nyumbani."

Hakuniuliza tena. Alikilaza kidumu kati ya sangara wawili, akafunga friji, na mimi nikapewa barafu ya ukwaju bure, nikailamba barabarani mbele ya watu kama mwanafunzi mtoro.

Mkesha wa Krismasi mdogo wangu alifika, amejifunga mitandio miwili kwa sababu baridi ya kwetu huwa inamsubiri yeye tu. Nilimpokea stendi ya Katesh, tukapitia kidumu, tukapanda bodaboda. Nyumbani mama alimkimbilia njiani. Mimi nilikuwa nimebeba begi mgongoni, fuko kila mkono, na kidumu nimekibana kwapani, jiwe la barafu linalonichoma ubavu.

"Karibu mama, karibu, pole na safari," mama akamwambia. Halafu akanigeukia. "Haijayeyuka?"

Namshukuru Mungu, ile dang'a iliulizwa hali.

Krismasi yenyewe ilianza vizuri. Kanisani tuliimba mpaka mabati yakatikisika, na tulivyotoka jua limewaka, mlima hauna wingu hata la kufutia jasho. Mama alipika wali na nyama ya mbuzi. Tulikula sebuleni watu watatu tu, mdogo wangu amekalishwa karibu na mlango. Kisha mama akatoka kwenda jiko la nje, akarudi na bakuli lake la maua, lile lisilotumika siku nyingine, amelishika kwa mikono miwili na khanga. Akaliweka mbele ya mdogo wangu. Bakuli moja. Mimi nikaangalia kalenda ukutani, kama mtu aliyekumbuka jambo la muhimu mwezi wa tatu.

Dang'a ilikuwa imeshika, nzuri, imetulia, inatikisika kidogo tu pembeni. Lakini harufu yake, jamani. Sangara wa Katesh walikuwa wameingia humo na familia zao. Mama na mafua yake hakusikia kitu. Alisimama pale anatabasamu, uso umekuwa wa msichana.

Mdogo wangu alichukua kijiko, akafumba macho kama anayesali, akaweka mdomoni. Akakaa nacho. Akameza kwa shida, machozi yakamtoka, akakirudisha kijiko polepole.

"Mama, siwezi."

"Umeshiba? Si utamalizia baadaye, mama."

"Sijashiba. Inanuka samaki." Akavuta pumzi. "Na hata isingenuka. Mimi siwezi dang'a. Sijawahi kuiweza."

"Wewe? Si ulikuwa unamaliza bakuli zima hapohapo mlangoni."

"Mbwa ndiye alikuwa anamaliza, mama. Ndiyo maana nilikuwa nakubali kukaa mlangoni."

Nilimkumbuka yule mbwa. Alikuwa mnene, manyoya yanang'aa kama amepakwa mafuta, hawezi kumfukuza hata kuku, na majirani wetu wafugaji walikuwa wakipita wanamwangalia wanasema sisi watu wa ajabu, tunanenepesha mbwa na ng'ombe wamekonda. Kumbe katika foleni ya dang'a ya nyumba ile, mimi nilikuwa nyuma ya mbwa. Nilitaka kucheka, na kicheko kilifika kooni, lakini nilimwona mama.

"Mama alikuwa anaipenda," mama akasema. Hakuwa anamwambia yeyote kati yetu.

"Bibi aliipenda," mdogo wangu akasema taratibu. "Nilikuwa nakuona ukinipa, unafurahi. Nikawa naogopa kukuharibia."

Mama akachukua bakuli, akatoka nalo kwenda jiko la nje. Hata mlango hakuubamiza.

Mdogo wangu akajifunika uso na mtandio. "Nimeharibu sikukuu, kaka."

"Hujaharibu. Wali bado upo."

"Kwa nini hukuila wewe tu? Si ungesema, nikupe chini ya meza."

"Sijawahi kugawiwa."

"Leo?"

"Siku yoyote."

Alifunua uso akaniangalia. "Mimi miaka yote nilijua wewe unakula kulekule zizini. Nilikuwa nakuonea wivu, unakula au unaacha, hakuna anayekusimamia mdomoni."

Hilo nalo sikuwahi kulifikiria. Mtu unamwona amekaa kwenye kiti cha mfalme, kumbe amefungwa hapo na vitambaa vya bibi. Nilimsukumia nyama iliyobaki, nikasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Kuangalia moto."

Hakukuwa na haja ya kuangalia moto, na yeye alijua. Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda, bakuli ameliweka chini. Halii. Mama yangu halii, akiumia huwa anapanga vyungu. Siku hiyo hakupanga hata kimoja.

Nikachuchumaa upande wa pili wa mafiga, nikachokonoa majivu.  

"Mama alipokuwa mgonjwa aliniomba dang'a," mama akaanza. "Siku za mwisho. Kwetu hakuna ng'ombe aliyezaa. Nilizunguka kwa majirani wote, na tumbo langu hili kubwa lina mdogo wako. Nikaipata kwa wafugaji kule chini, wakanipa kwenye kibuyu, wakakataa hata shukrani. Nimefika nayo, wanawake wako nje, wamejifunika."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nilikuwapo nyumba hiyohiyo, mtoto mdogo, labda nilikuwa nyuma ya mlango nimenyamaza, kama desturi yangu ya wakati ule. Unaweza kushangaa, lakini haya maneno yote niliyo nayo niliyapata ukubwani.

"Basi nikazaa," mama akasema, "nikaona amerudi aje kuila."

"Ndiyo, mama."

Alichukua kijiti, akakivunja, akakitia motoni. Halafu akanyanyua macho akaniangalia. Si kuangalia kwa kunituma. Aliniangalia kama mtu anayesoma kibao cha njia panda.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Unapenda nini wewe? Chakula."

Nina masomo ya jioni, nina cheti, nimewahi kubishana na afisa kilimo mbele ya mkutano wa kijiji mpaka akaomba maji. Hapo ulimi ukalala. Nilifikiria kusema nyama, nilifikiria kusema chochote tu, asijione vibaya.

"Dang'a," nikasema.

"Uliila wapi?"

"Sijawahi kuila."

"Sasa umejuaje kama unaipenda?"

"Kwa kuiangalia, mama."

 Nilimwona akihesabu nyuma, ng'ombe baada ya ng'ombe, ndama baada ya ndama, mdomo unatembea kidogo bila sauti. Kwa kila ng'ombe alikuwa ananitafuta nilikuwa wapi, na nadhani kila mara alinikuta palepale, na kidumu mkononi.

"Mbona hukusema?"

Ningeweza kumjibu. Majibu ninayo, mengine nilikuwa nimeyanoa miaka mingi. Nikasema, "Nilikuwa na kazi."

Akaliinua lile bakuli la maua, akalielekeza kwangu, na mikono yangu ilishanyooka, nakuapia, ilinyooka yenyewe. Kisha akasita. Akalisogeza puani, akavuta kwa nguvu zote mpaka mafua yakafunguka, uso ukakunjamana.

"Hii siwezi kukupa," akasema. "Samaki. Na imeshaguswa."

"Haidhuru, mama."

"Inadhuru. Kaa."

Akaimwaga nje kwa kuku. Akasuuza bakuli, akalifuta kwa khanga yake, akachukua maziwa ya asubuhi niliyokamua mwenyewe, akayamimina kwenye sufuria ndogo, akapunguza moto kwa kuvuta kuni nje. Nikamwambia, kama mtu aliyesoma baiolojia, kwamba ng'ombe huyu ameshapitisha siku zake, haya sasa ni maziwa tu, hayatashika. Akaniambia ninyamaze. Akakaa anayakoroga kwa upole, uso karibu na sufuria, anangoja. Nje tulisikia mdogo wangu anafukuza kuku waliokuwa wanagombania vipande.

Hayakushika. Yalitokea vijipande vichache vya njano vinavyoelea, basi. Mama akamimina vyote kwenye bakuli la maua, akanipa kwa mikono miwili.

"Haijashika," akasema, kwa sauti ndogo.

"Imeshika, mama."

Nilikula kwa kijiko, maziwa ya moto kwa kijiko, mtu mzima, polepole ili yasiishe. Vile vijipande niliviacha mwisho. Nimekula kwenye harusi, nimekula kwenye semina ya wilaya yenye soda mbili kwa kila mtu, na sitamdanganya mtu hapa, hakuna nilichowahi kula kinachokaribia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, ananitazama kila ninavyopeleka kijiko mdomoni. Aliniuliza kama ningependa chumvi kidogo. Nikasema ndiyo. Sikuwa nataka chumvi, ila nilitaka aulize kingine. Akaitia, akaniuliza kama imekolea, na mara hii nilisema bado.

Nilipomaliza akalipokea bakuli, akachungulia ndani kuhakikisha, akanitazama mara moja zaidi. Kisha akasema nikapasue kuni za jioni, na nisifanye kelele karibu na dirisha, mama amechoka na safari.

Nikaenda kuzipasua. Nilizipasua nyingi mno, bado tunazo mpaka leo.